Uzi wa draiva za kadi za mtandao kwenye keneli ya Linux: wataalamu wa mitandao Dar, kazi hii inatuhusu

Mkeneli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani naona nyuzi nyingi za faiba, za 5G, za bando linaloisha kabla ya siku zake. Sijaona uzi wa kile kipande cha programu kinachokaa kati ya kadi ya mtandao na keneli (moyo wa mfumo wa Linux), yaani draiva. Wengi wetu tunaofanya kazi za mitandao hapa mjini, kuanzia Posta mpaka Mikocheni, tunaendesha seva za Linux, na kila pakiti inayoingia au kutoka kwenye seva hizo inapitia kwenye draiva. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuurekebisha.

Hoja yangu ni moja. Sisi tulio Dar tunakutana na hitilafu ambazo waliotengeneza kadi hawazioni kwenye maabara zao. Tukizinyamazia zinabaki palepale, tunaishia kuwasha seva upya na kuendelea na maisha. Tukizipeleka zikiwa na rekebisho lake, zinaondoka kwa kila mtu anayetumia kadi hiyo duniani.

Tuanze na hesabu. Fremu (pakiti ikiwa imefungwa tayari kwenda kwenye waya) ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na za nafasi kati ya fremu na fremu, inakuwa baiti 84 kwenye waya. Kadi ya gigabiti 10 ikijaa fremu za namna hiyo inapitisha milioni 14.88 kwa sekunde, yaani kila moja ina nanosekunde 67.2. Panda hadi gigabiti 100: milioni 148.8 kwa sekunde, nanosekunde 6.72 kwa kila moja. Prosesa ya gigahezi 3 ndani ya muda huo inapata mizunguko kama 20 tu. Safari moja ya kwenda RAM na kurudi inakula makumi ya nanosekunde. Maana yake kiini kimoja cha prosesa kikienda RAM mara moja tu kwa kila pakiti, kimeshachelewa.

Kwa hiyo anayeandika draiva ya kasi muda wake mwingi anautumia kupunguza kazi. Kadi na prosesa zinazungumza kupitia ringi ya deskripta, ambayo ni orodha iliyoko kwenye memori: kila deskripta inaonyesha bafa iko wapi na ina urefu gani. Kadi inaandika data moja kwa moja kwenye memori bila kupitia prosesa. Zamani kila pakiti ilipofika kadi ilipiga interapti (ishara ya kuikatiza prosesa kazi yake), na trafiki ikizidi prosesa ilishinda inajibu interapti tu. Ndipo ikaja NAPI, miaka ya mwanzo ya 2000: interapti ya kwanza ikipigwa, draiva inazima nyingine, inaanza kuchota pakiti hadi 64 kwa mkupuo, na ikimaliza foleni ndiyo inawasha interapti tena. Ni kama konda wa daladala ya Gongo la Mboto asubuhi: hafuati kila abiria anayepanda, anaacha watu wajae kisha anapita mara moja kuchukua nauli za wote.

Juu ya hapo kadi inagawa trafiki kwenye foleni nyingi ili viini vyote vya prosesa vifanye kazi, na GRO inaunganisha pakiti ndogo za mkondo mmoja kuwa kubwa kabla hazijapanda juu. Mwaka 2016, kwenye keneli 4.8, ikaingia XDP: programu ndogo ya eBPF (msimbo unaopakiwa ndani ya keneli bila kuijenga upya) inayoendeshwa ndani ya draiva kabisa, kabla keneli haijaitengenezea pakiti ule muundo wake mkubwa wa sk_buff. Waandishi wa XDP walionyesha mwaka 2018 kwamba kiini kimoja kinaweza kutupa pakiti milioni 24 kwa sekunde. Kwa anayepambana na mashambulizi ya kujaza mtandao, hiyo ni silaha ya bure.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

Mzee wa Rauta

Mkuu, umesema hitilafu ambazo wenye kadi hawazioni maabarani. Toa mfano, tusibaki hewani.

Mkeneli

Haki yako mkuu.

Tulikuwa na seva nje ya mji, tunaifikia kwa SSH (kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kupitia kadi hiyohiyo inayobeba trafiki. Jioni trafiki inapopanda, ethtool -S (amri ya kusoma takwimu za kadi) ilionyesha pakiti zinadondoka upande wa kupokea kwa sababu ringi imejaa. Tiba yake inajulikana, unaongeza ukubwa wa ringi: ethtool -G eth0 rx 4096. Draiva ile, ambayo sitaitaja, ilikuwa inafanya hivi: inasimamisha mlango, inaachia memori ya ringi za zamani, halafu ndiyo inaomba memori ya ringi mpya.

Deskripta 4096 za baiti 16 ni kilobaiti 64, na zinatakiwa zikae pamoja bila kukatika. Keneli ikiombwa zaidi ya kurasa 8 zilizoungana, yaani kilobaiti 32, haihangaiki sana kutafuta. Seva ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuwashwa upya na memori imekatikakatika. Jibu likawa ENOMEM, yaani memori imekosekana. Ringi za zamani zimeshaondoka, mpya hazijapatikana, mlango umezima, sisi tuko nje na hatuna njia ya kuingia. Ikabidi fundi apande gari kwenda kuiwasha kwa mkono.

Maabarani seva inawashwa upya kila mara, memori iko nzima, kwa hiyo hali hii haijitokezi. Kwetu seva inakaa mwaka mzima kwa sababu kuifuata ni safari.

Rekebisho lenyewe ni fupi ukilielewa. Omba memori mpya kwanza, ringi za zamani zikiwa bado zinafanya kazi. Ikikosekana, rudisha kosa na mlango uendelee kama ulivyokuwa. Ikipatikana, simamisha NAPI, badilisha, washa, kisha achia za zamani. Watunzaji wa netdev (orodha ya barua pepe ya msimbo wa mitandao wa keneli) wanalisisitiza jambo hili kwa kila draiva mpya, lakini ziko draiva za miaka mingi zilizoandikwa kabla ya msisitizo huo.

Nilichokipenda ni mapitio yenyewe. Kiraka changu cha kwanza, yaani badiliko la msimbo nililotuma netdev, kilirudi na maswali: kwa nini hakuna mstari wa Fixes unaotaja badiliko lililoleta hitilafu? Kwa nini vitu viwili tofauti vimebebwa kwenye kiraka kimoja? Mmoja wa waliokipitia anafanya kazi kwa mtengenezaji mwingine wa kadi, mshindani kabisa sokoni, na ndiye aliyeona kwamba page_pool (akiba ya kurasa za memori za kupokelea pakiti) ya zamani ilikuwa inaachiwa wakati NAPI bado inaweza kuigusa. Hanifahamu, hapati chochote, na alisoma mstari kwa mstari. Ukitaka shule ya uhandisi isiyo na ada, ni hiyo.

DadaSeva

Kaka, naomba kuuliza la kwetu sisi wa upande wa wateja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi tuliobaki na njia nyembamba tulikuwa tunaona kitu cha ajabu: kasi ipo kidogo, lakini simu za WhatsApp hazisikiki kabisa, mtu unamjibu sentensi iliyopita. Wateja wanalalamika, ukipima hakuna pakiti inayopotea. Hapo draiva ina sehemu yoyote?

Mkeneli

Dada yangu, hili ndilo swali nililolisubiri, na nitalijibu kwa kirefu.

Ulichokiona ni foleni iliyovimba. Njia ikiwa nyembamba kuliko trafiki, pakiti zinajipanga mahali fulani. Zikijipanga nyingi hakuna inayopotea, ila kila moja inafika imechelewa. Anayepakua faili hajali. Anayeongea na simu anaumia.

Sasa angalia draiva inapoingia. Tuseme mlango wa kutoka umeunganishwa kwa megabiti 100 na ringi ya kutuma ina deskripta 4096. Pakiti ya baiti 1500 inakuwa 1538 kwenye waya, na kwa megabiti 100 inachukua mikrosekunde 123. Ringi ikijaa, pakiti ya simu yako inakaa nyuma ya 4096 wenzake: nusu sekunde nzima, ndani ya kadi, mahali ambapo hakuna mpangilio wowote wa kipaumbele unaoweza kuigusa. Unaweza kuweka fq_codel (kipanga foleni cha keneli) nzuri namna gani, ikishakabidhi pakiti kwa ringi haina tena usemi.

Dawa inaitwa BQL (Byte Queue Limits, yaani kikomo cha baiti kwenye foleni). Iliandikwa na Tom Herbert akiwa Google na iliingia keneli 3.3 mwaka 2012. Inapima kadi inamaliza baiti ngapi kati ya taarifa moja na nyingine, kisha inaruhusu ringi ishike kiasi kile tu kinachohitajika waya usikae bure. Zinazobaki zinasubiri juu, ambako fq_codel, iliyoingia keneli 3.5 mwaka huohuo, inaweza kuipitisha pakiti ya simu mbele ya upakuaji.

Lakini BQL haifanyi kazi yenyewe. Draiva lazima iite netdev_tx_sent_queue inapopeleka pakiti kwa kadi, na netdev_tx_completed_queue kadi inaporudisha taarifa kwamba imemaliza. Draiva isiyoziita haina BQL, basi. Hata virtio_net, ambayo karibu kila seva pepe chini ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe) inaitumia, iliipata mwaka 2024. Angalia kwenye seva yako: /sys/class/net/eth0/queues/tx-0/byte_queue_limits, kisha soma faili la inflight (baiti zilizokabidhiwa kadi na bado hazijamalizwa) wakati trafiki inapita. Likibaki sifuri muda wote, kuna uwezekano mkubwa draiva yako haijaunganishwa na BQL.

Niseme na hili ili nisikupotoshe. Kama kubanwa kunatokea kwenye kifaa cha mtoa huduma mbele yako, foleni inavimba kwake na BQL yako haitaifikia. Hapo unaweka kikomo kwa cake, kipanga foleni kingine cha keneli, upande wako, chini kidogo ya kasi halisi ya njia, ili foleni ihamie kwako ambako unaweza kuipanga.

DadaSeva

Nimeangalia sasa hivi seva mbili. Moja inflight inapanda na kushuka, nyingine sifuri tupu. Hiyo ya pili ni ile yenye kadi ya bei rahisi. Asante sana kaka, kesho naanza na cake.

Mwanachuo Kijitonyama

Shikamoo wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, nina laptop ya RAM ya GB 8 tu. Kadi ya gigabiti 100 sitaiona leo wala kesho. Naanzia wapi?

Mkeneli

Marahaba mdogo wangu. Unaanzia kwenye hiyohiyo laptop.

QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, inaiga kadi halisi za Intel. e1000 na e1000e zimo miaka mingi, na igb iliongezwa toleo la 8.0 mwaka 2023. Igb ina foleni nyingi na MSI-X (kila foleni iweze kuwa na interapti yake), kwa hiyo sura ya kazi ni ileile ya kadi kubwa. Ndani ya QEMU kuna pia kifaa kinachoitwa edu, kilichotengenezwa makusudi kwa wanaojifunza kuandika draiva za PCI: kina rejista, kina interapti, kina DMA (kuandika kwenye memori bila kupitia prosesa). Iandikie draiva yako mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukivunja kitu unazima mashine pepe unawasha tena, laptop haidhuriki. virtme-ng itakuwezesha kuijaribu keneli uliyoijenga muda huohuo bila kuisakinisha.

Kisha fungua folda ya drivers/net/ethernet/intel/igb na usome faili la igb_main.c. Usilisome kama hadithi kutoka juu. Fuata pakiti moja: inaanzia igb_poll, inakwenda igb_clean_rx_irq, inatokea napi_gro_receive. Ukishajua njia hiyo, draiva za ice na mlx5 za kadi za gigabiti 100 hazitakutisha. Ni kubwa zaidi, ila mifupa ni ileile.

Kuhusu kutuma kiraka, mambo yanayowaangusha wengi ni ya utaratibu. Barua iwe maandishi matupu na itumwe kwa git send-email, kwa sababu Gmail ya kwenye kivinjari inaharibu tabu na kiraka hakitaingia. Kichwa kiseme ni cha net, kama ni rekebisho, au net-next, kama ni jambo jipya. Net-next inafungwa kwa takriban wiki mbili Linus Torvalds anapopokea kazi za toleo linalofuata. Usitume humo wakati imefungwa. Usitume toleo la pili kabla ya saa 24 kupita, wape watu wa kanda nyingine za saa nafasi ya kusoma. Na ndani ya kila funksheni, matamko ya vigeu yapangwe kuanzia mstari mrefu kwenda mfupi. Watu wanadhani ni urembo, lakini kiraka chako kitarudishwa kwa hilo tu.

Jambo la kisheria nalo usilipuuze. Mstari wa Signed-off-by, uliowekwa mwaka 2004, ni tamko kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama umeajiriwa, soma mkataba wako na mwombe mwajiri ruhusa ya maandishi kwanza.

Fundi Minara

Kwa nini tujisumbue na keneli wakati DPDK ipo? Unaikwepa keneli yote, unazungumza na kadi moja kwa moja.

Mkeneli

DPDK ni nzuri kwa kifaa kinachofanya kazi moja tu. Gharama yake: viini vya prosesa vinazunguka kwa asilimia 100 hata usiku wa manane hakuna trafiki, na kadi inatoweka kwenye macho ya keneli, hivyo tcpdump, ngome ya nftables na amri za ip hazioni kitu. Kwa seva inayofanya kazi mchanganyiko, kama nyingi za hapa mjini, mimi nachagua XDP au AF_XDP (inayopeleka pakiti kutoka kwenye draiva moja kwa moja hadi kwa programu yako) iliyoingia keneli 4.18 mwaka 2018.

Mzee wa Rauta

Na je, inalipa? Vijana wana njaa, mkuu.

Mkeneli

Viraka vingi vya draiva hizi vinaandikwa na waajiriwa wa Intel, Nvidia iliyoinunua Mellanox mwaka 2020, Broadcom, Google, Meta, Red Hat na wenzao. Hawajitolei. Wanalipwa mishahara. Kiraka chako cha kwanza hakitakuletea hela, na nisingependa kijana aache kibarua kwa ajili yake. Ila kazi yako inabaki kwenye historia ya git, ikiwa na jina lako na majadiliano yote, na mwajiri yeyote anaweza kuisoma bila kukuuliza cheti. Ninaamini kwa dhati kwamba kwa kijana wa Dar asiye na mtu wa kumshika mkono huko nje, hakuna ushahidi bora wa uwezo wake.

Fundi Minara

Nimekuelewa mkuu. Basi nina la kwangu. Tuna seva ya ARM mpya, kadi ileile na draiva ileile tuliyoizoea kwenye mashine za x86 (prosesa za Intel na AMD). Kwenye x86 haijawahi kusumbua. Kwenye ARM, trafiki ikiwa kubwa, mara chache sana tunapata pakiti yenye urefu usioeleweka, na kuna siku keneli ilianguka kabisa. Tumebadilisha kadi, tumebadilisha kebo, wapi.

Mkeneli

Mkuu, dalili hizo zinanipeleka moja kwa moja kwenye mpangilio wa usomaji wa memori.

Kadi ikimaliza kuandika pakiti inaweka biti ya kukamilika kwenye deskripta. Draiva inasoma biti hiyo kwanza, ikiona imewaka inasoma urefu. Sisi tunaona mistari miwili iliyofuatana. Prosesa ya ARM inaruhusiwa kusoma urefu mapema kuliko biti. Ikitokea kadi imeandika katikati ya hapo, unapata biti mpya na urefu wa zamani, na urefu wa zamani ndio unaoiangusha keneli. Prosesa za x86 hazibadilishi mpangilio wa usomaji kwa namna hiyo, ndiyo maana huko draiva imeishi salama miaka yote.

Kinachotakiwa kati ya mistari hiyo miwili ni wito mmoja, dma_rmb, unaoilazimisha prosesa isome kwa mpangilio. Upande wa kutuma ndugu yake ni dma_wmb, kabla ya kuikabidhi deskripta kwa kadi.

Fungua msimbo wa draiva yako, nenda kwenye funksheni inayochota pakiti zinazoingia, tafuta mahali inapopima biti ya kukamilika, kisha uangalie kama dma_rmb ipo kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye deskripta ile. Weka hapa matokeo ya ethtool -i, toleo la keneli kwa uname -r, na maandishi yote ya dmesg ya siku ile ilipoanguka, usikate mstari hata mmoja. Ukikuta wito huo haupo, usinipe mimi niandike. Andika kiraka mwenyewe, nitakipitia kabla hujakituma netdev, na mstari wa Signed-off-by utakuwa wako.

Fundi Minara

Nimefungua. Inapima biti, mstari unaofuata inasoma urefu. Katikati hakuna kitu. Dmesg naileta kesho asubuhi nikifika ofisini.